Bei ya Mota Hulipwa Mara Mbili

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za chombo kimoja ambacho watu wengi hukitumia bila kukiona, nacho ni mota ya umeme. Mota ndiyo izungushayo mashine ya kusaga mahindi, pampu ya maji, msumeno wa seremala na pangaboi la darini. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati walikadiria mwaka 2011 kwamba mashine ziendeshwazo kwa mota hula kati ya sehemu 43 na sehemu 46 katika kila sehemu 100 za umeme wote wa dunia. Basi, kosa dogo katika kuitengeneza mota, au katika kuichagua, haliwi dogo likijumlishwa.

Mtu aendaye dukani kutafuta mota huweza kuonyeshwa mbili. Zote zimeandikwa nguvu ileile, tuseme kilowati 7.5, ambayo mafundi huiita mota ya farasi 10. Zote huzunguka kwa mwendo mmoja. Lakini moja ni nzito zaidi, na bei yake yapita bei ya mwenziwe. Mnunuzi huuliza, "Kama kazi yao ni moja, kwa nini nitoe fedha zaidi?" Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba kitu cha ghali ni kitu kizuri. Iko mota ya ghali isiyomfaa mnunuzi wake, na iko mota rahisi imfilisiyo mwenyewe pole pole. Ili tupate kuzipambanua, yatupasa kwanza kujua umeme hufanya nini ukiingia ndani ya mota.

Umeme Uingiao na Kazi Itokayo

Mota ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni stata, yaani sehemu isiyozunguka. Hufanywa kwa mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja kama kurasa za kitabu, yakakatwa mifereji midogo, na ndani ya mifereji hiyo zimesukwa nyaya za shaba. Ya pili ni rota, yaani sehemu izungukayo katikati. Umeme wa njia tatu ukipita katika nyaya za stata hufanya nguvu ya sumaku yenye kuzunguka. Nguvu hiyo huamsha umeme katika fito zilizomo ndani ya rota, na rota huvutwa, ikafuata mzunguko ule.

Nikola Tesla huko Marekani, na Galileo Ferraris huko Italia, walivumbua jambo hili kila mmoja kwa njia yake, na habari zao zikatangazwa mwaka 1888. Mwaka uliofuata, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya njia tatu yenye rota ya fito zilizofungwa mwisho kwa mwisho, mfano wa kizimba. Hata leo mota nyingi za viwandani na za mashine za kusaga ni za namna hiyo.

Lakini hapana mota irudishayo kazi sawasawa na umeme iliopewa. Mfikirini mtu atekaye maji kisimani kwa mtungi wenye matundu madogo. Atakapofika nyumbani atakuwa na maji, lakini si yote aliyoyateka. Vivyo hivyo umeme huvuja ndani ya mota, na huvuja kwa kugeuka kuwa joto. Mota iliyofanya kazi saa nzima huwa moto. Joto lile ni umeme uliokwisha kulipiwa ambao haukusaga hata punje moja. Kiasi cha umeme kinachofika mwisho na kuwa kazi huitwa ufanisi. Tukisema mota ina ufanisi wa 86 katika 100, maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za umeme zilizoingia, sehemu 86 zimefanya kazi, na 14 zimepotea.

Matundu Matano ya Mtungi

Mafundi wamechunguza wakaona kwamba umeme huvuja katika mahali patano.

Tundu la kwanza ni nyaya za shaba za stata. Umeme upitao katika waya mwembamba ni kama watu wengi wapitao katika mlango mwembamba: husongamana, na msongamano huleta joto. Tena joto hilo haliongezeki kwa kadiri ya umeme tu, bali umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Dawa yake ni waya mnene zaidi, lakini waya mnene ni shaba nyingi, na shaba ni ghali.

Tundu la pili ni fito za rota. Katika mota nyingi fito hizo ni za alumini, kwa kuwa alumini ni rahisi, na huyeyuka kwa joto la digrii 660 tu, hata yaweza kumiminwa ndani ya rota kwa pigo moja. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, maana alumini hupitisha kama sehemu sita tu katika kumi za ile ipitishwayo na shaba ya unene uleule. Lakini shaba huyeyuka kwa digrii 1,085, na moto mkali namna hiyo huharibu upesi kalibu za kumiminia. Kwa hiyo mwenye kutaka rota ya shaba hulipia shaba yenyewe na kalibu pia.

Tundu la tatu ni chuma. Katika umeme wa kwetu, sumaku iliyomo ndani ya chuma cha stata hugeuzwa huku na huku mara 50 katika kila sekunde, na chuma hupata joto kwa kugeuzwa-geuzwa huko. Zaidi ya hayo, vijito vidogo vya umeme huzunguka ovyo ndani ya chuma chenyewe. Ndiyo sababu hakitumiwi chuma kizima, bali mabati membamba, kila moja unene wa kama nusu milimita, nayo hupakwa kitu cha kuzuia umeme usivuke toka bati hili kwenda bati lile. Bati likiwa jembamba zaidi, na chuma chake kikichanganywa na silikoni, hasara hupungua. Lakini bati jembamba ni kazi zaidi kulitengeneza na kulikata.

Tundu la nne ni msuguano wa beringi na upepo wa feni iliyofungwa nyuma ya mota ili kuipoza. Hapa pana jambo la kupendeza: mota isiyopata joto jingi haihitaji feni kubwa, na feni ikiwa ndogo, umeme wa kuizungusha hupungua pia. Hivyo faida moja huzaa nyingine.

Tundu la tano ni hasara nyingi ndogo ndogo ambazo ni vigumu kuzionyesha kwa kidole, zitokazo katika umbo la mifereji, katika mwanya ulio kati ya rota na stata, na katika ukataji usio sawa. Dawa yake ni kazi ya uangalifu kiwandani, na uangalifu una gharama yake.

Mtaona kwamba kila tundu lina dawa yake, na kila dawa ina bei yake. Tena dawa moja yaweza kuharibu nyingine. Mtengenezaji akiongeza shaba bila kukuza mwili wa mota, sharti apanue mifereji. Na akipanua mifereji, chuma kilicho kati yake hupungua, sumaku husongamana humo, na hasara aliyoifukuza katika shaba hurudi kwa mlango wa chuma. Kwa hiyo mota yenye hasara ndogo kwa kawaida huwa ndefu zaidi, yenye shaba zaidi na chuma zaidi. Ndiyo maana ile mota ya pili ni nzito. Muuza duka hakumdanganya mnunuzi; uzito ule ni sehemu ya bidhaa.

Kwa Nini Matundu Yote Yasizibwe?

Labda mtu atasema, "Basi na waongeze shaba na chuma mpaka hasara iishe kabisa." Jambo hilo haliwezekani, na hata lile liwezekanalo halina faida daima. Tuseme nyaya za mota zina shaba kilo 5, na hasara yake ni wati 400. Tukitumia waya wenye unene maradufu, tutatumia kilo 10, na hasara itakuwa wati 200. Tumeokoa wati 200 kwa kilo 5 za shaba. Tukizidisha tena maradufu, tutafika kilo 20, na hasara wati 100. Safari hii tumeokoa wati 100 tu, ilhali tumeongeza kilo 10. Tukiendelea hadi kilo 40, tutaokoa wati 50 kwa kilo 20. Kila hatua ni ghali kuliko ile iliyopita, na kila hatua huleta faida ndogo kuliko ile iliyopita. Basi, hapana budi pawe na mahali pa kusimama.

Mtu aliyeonyesha vizuri mahali hapo ni Sir William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Mwaka 1881 alichunguza unene uufaao waya wa shaba wa kupelekea umeme mbali. Alisema kwamba waya una gharama mbili kila mwaka. Ya kwanza ni gharama ya fedha iliyonunua shaba, yaani riba yake na uchakavu. Ya pili ni gharama ya umeme upoteao njiani. Waya ukinenepa, ya kwanza hupanda, na ya pili hushuka. Unene ulio bora ni ule ambao gharama hizo mbili zalingana.

Tutoe mfano kwa hesabu ndogo ambayo mwanafunzi aweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme waya mwembamba hugharimu shilingi 10 kwa mwaka, na hupoteza umeme wa shilingi 90. Jumla ni shilingi 100. Waya wa unene mara mbili hugharimu shilingi 20, na hupoteza umeme wa shilingi 45, jumla 65. Waya wa unene mara tatu hugharimu 30, na hupoteza 30, jumla 60. Waya wa unene mara nne hugharimu 40, na hupoteza 22 na nusu. Jumla 62 na nusu. Bora ni yule wa tatu, ambaye gharama zake mbili ni sawasawa. Yule wa nne hupoteza umeme kidogo zaidi, lakini mwenyewe hutoa fedha nyingi zaidi.

Hesabu ya mota ni ngumu kuliko hii, kwa kuwa mota haina shaba tu, bali ina chuma, alumini, beringi na kazi ya mikono. Siku hizi watengenezaji hutumia kompyuta kujaribu maumbo mengi kabla ya kukata bati moja. Lakini fikira ni ileile: bei ya dukani na bei ya umeme huwekwa katika mizani moja.

Hesabu ya Mashine ya Kusaga

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini wa Tanzania ulipoanza kazi mwaka 2007, nyaya za umeme zimefika katika vijiji vingi ambavyo zamani vilisaga kwa mashine za dizeli, au vilitwanga kwa kinu na mchi. Basi tuchukue mashine ya kusaga iendeshwayo na mota ya kilowati 7.5. Ufanisi tutakaoutaja ni ule uliowekwa na kanuni za kimataifa kwa mota za nguvu hiyo zizungukazo karibu mara 1,500 kwa dakika; lakini bei twazitaja kwa ajili ya hesabu tu, nanyi mwaweza kuweka bei za kwenu mahali pake.

Mota ya daraja la kwanza ina ufanisi wa 86 katika 100. Ili itoe kilowati 7.5 za kazi, yahitaji kupewa kilowati 8.72 za umeme. Mota ya daraja la tatu ina ufanisi wa 90.4 katika 100, nayo yahitaji kilowati 8.30. Mtu akitazama haraka atasema kwamba tofauti ya 86 na 90 ni ndogo. Lakini atazame hasara: ya kwanza hupoteza kilowati 1.22, na ya pili hupoteza 0.80. Theluthi moja ya hasara imeondolewa.

Tuseme mashine hufanya kazi saa 6 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani saa 1,800, nayo yafanya kazi kwa nguvu zake zote. Tuseme tena kwamba uniti moja ya umeme ni shilingi 300. Mota ya kwanza itakula uniti 15,696, ambazo ni shilingi 4,708,800. Mota ya pili itakula uniti 14,940, ambazo ni shilingi 4,482,000. Tofauti ni shilingi 226,800 kila mwaka.

Sasa tuseme mota ya kwanza huuzwa shilingi 1,000,000, na ya pili shilingi 1,300,000. Zile shilingi 300,000 zilizozidi zitarudi kwa muda wa mwaka mmoja na miezi 4 hivi, na baada ya hapo faida ni ya wenye mashine. Tena tazameni jambo lililo kubwa zaidi: umeme wa mwaka mmoja tu wapita bei ya mota yenyewe zaidi ya mara tatu. Bei ya dukani hulipwa mara moja. Bei ya umeme hulipwa kila saa mota izungukapo. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini sasa tugeuze mfano. Tuseme mota ileile huzungusha pampu ya bustani ambayo hutumika siku chache za kiangazi, jumla ya saa 200 kwa mwaka. Mota ya kwanza itakula uniti 1,744, na ya pili uniti 1,660. Tofauti ni uniti 84, yaani shilingi 25,200 kwa mwaka. Shilingi 300,000 zitarudi baada ya miaka 12 karibu. Na kama mwenye bustani alikopa fedha hizo kwa riba ya shilingi 20 katika kila 100, riba peke yake kwa mwaka ni shilingi 60,000, ambayo yapita faida yake zaidi ya mara mbili. Mtu huyu akinunua mota ya ghali amejipunja. Na yule mwenye mashine ya kusaga, hata akikopa kwa riba iyo hiyo, bado atapata faida. Mota ni zilezile. Kilichozitofautisha ni saa za kazi.

Zamani Umeme Ulipokuwa Rahisi

Mizani hii imekwisha kuinama huku na huku mara nyingi. Katikati ya karne ya 20, umeme ulikuwa rahisi katika nchi za viwanda, na vitambaa na rangi za kuzuia umeme vikaboreka. Vile vya zamani vilistahimili joto la digrii 105. Vilivyofuata vikastahimili 130, kisha 155. Watengenezaji wakaona kwamba nyaya zaweza kuachwa zipate moto zaidi bila kuungua, basi wakapunguza shaba na chuma. Huko Marekani vipimo vilivyowekwa mwaka 1952, na tena mwaka 1964, viliweka nguvu ileile ndani ya gamba dogo zaidi. Mota zikawa nyepesi na rahisi, lakini nyingi zikazidi kupoteza umeme. Maana shaba ikipata moto hupitisha umeme kwa taabu zaidi, kadiri ya sehemu 4 katika 100 kwa kila digrii 10 zinazoongezeka.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafula, na bei ya umeme ikafuata katika nchi nyingi. Hesabu iliyokuwa sahihi jana haikuwa sahihi tena, na watengenezaji wakaanza kurudisha shaba na chuma walivyokuwa wameviondoa. Mota hazikuwa zimeharibika. Ila bei ziliokuwa ndani ya mizani zilibadilika.

Baadaye serikali nazo ziliingia katika jambo hili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1992, nayo ikaanza kushika mota mwaka 1997. Mwaka 2008 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliweka madaraja ya IE1, IE2 na IE3, na baadaye likaongezwa daraja la IE4. Nchi za Umoja wa Ulaya zilidai IE2 tangu mwaka 2011. Tangu Julai 2021 zadai IE3 kwa mota nyingi za njia tatu zilizo kati ya kilowati 0.75 na 1,000. Na tangu Julai 2023 zadai IE4 kwa mota nyingi zilizo kati ya kilowati 75 na 200.

Anunuaye na Alipaye

Mtu aweza kuuliza, "Kama mota bora hujilipa yenyewe, sheria ni ya nini? Je, watu hawajui kutafuta faida yao?" Jibu ni kwamba mara nyingi anunuaye mota siye alipaye umeme. Mtengenezaji wa mashine za kusaga hununua mota, huifunga katika mashine yake, na huuza vyote pamoja. Akiweka mota rahisi, mashine yake huonekana rahisi kuliko ya jirani yake, na wateja humkimbilia. Bili za umeme hatazilipa yeye.

Mambo ni hayo hayo hata kijijini. Kamati ya ushirika hupewa fedha ya kununua mashine, nayo hupimwa kwa risiti yake. Kamati iliyonunua kwa shilingi 1,000,000 husifiwa kwa kuhifadhi mali ya watu. Kamati iliyonunua kwa shilingi 1,300,000 hushukiwa, na pengine huulizwa zilikwenda wapi zile 300,000. Lakini mwisho wa mwaka umeme hulipwa na nani? Hulipwa na mama aletaye debe la mahindi, kwa kuwa bei ya kusaga hupangwa kwa kufuata bei ya umeme. Joto lile lipandalo katika mota hulipwa kwa senti zake, debe kwa debe, wala hakuna risiti imwonyeshayo. Kwa sababu hii twasema kwamba kuchagua mota si jambo la fundi peke yake, bali ni jambo la haki. Kamati iliyo njema yapaswa kusimama mkutanoni na hesabu mbili mkononi, ya bei ya dukani na ya umeme wa miaka kumi, ili watu waone zote mbili kabla ya kusifu au kulaumu.

Mambo ya Kuangalia

Sasa twataka kutaja mambo machache yafaayo kufuatwa na mtu au ushirika utakao kununua mota.

Kwanza, someni kibati kilichopigiliwa juu ya mota. Humo mmeandikwa nguvu kwa kilowati, mizunguko kwa dakika, na katika mota nyingi za siku hizi mna alama ya IE na namba yake, pamoja na ufanisi. Mota isiyo na kibati ni kama mtu asiyetaja jina lake. Afadhali kuulizia zaidi kabla ya kutoa fedha.

Pili, hesabuni saa za kazi kabla ya kuuliza bei. Mota ya kazi ya kila siku yastahili daraja la juu. Mota ya kazi za mara moja moja haistahili.

Tatu, msinunue mota kubwa kupita kazi yake. Wengi hudhani kwamba kubwa ni salama zaidi. Lakini mota ifanyayo kazi chini ya nusu ya nguvu zake kwa kawaida hupoteza sehemu kubwa zaidi ya umeme iupokeao. Mota bora iliyo kubwa mno yaweza kushindwa na mota ya kawaida iliyo sawa na kazi.

Nne, tazameni mota ndogo pia, maana hasara zake ni kubwa kwa kadiri yake. Katika daraja lile la kwanza, mota ya kilowati 75 ina ufanisi wa karibu 93 katika 100, bali ile ya kilowati 0.75 ina 72 tu. Pangaboi la kawaida hula wati 70 hivi. Lile lenye mota ya sumaku ya kudumu hula wati 30 hivi, kwa upepo ulio karibu sawa, maana rota yake ni sumaku yenyewe, haihitaji kuamshiwa umeme. Sumaku hizo kali zenye madini ya neodimiamu zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Japani na Marekani. Lakini nazo zina bei yake, na mwaka 2011 bei ya madini hayo ilipanda sana. Kwa hiyo hapa pia hesabu ya saa ndiyo hakimu.

Tano, mota ikiungua, chagueni kwa uangalifu fundi wa kuisuka upya. Fundi mwema hurudisha waya wa unene uleule na idadi ileile ya mizunguko, wala haichomi stata kwa moto mkali ili kutoa nyaya za zamani. Moto mkali huunguza ile rangi iliyo kati ya mabati, na vijito vya umeme hupata njia ndani ya chuma. Mota hiyo itazunguka, na mwenyewe atafurahi, lakini itakula umeme zaidi siku zote. Ikisukwa vizuri, ufanisi wake waweza kubaki karibu kama ulivyokuwa.

Sita, pimeni kazi. Penye mita ya LUKU, andikeni uniti kabla ya kuanza kusaga na baada ya kumaliza, mkahesabu madebe yaliyosagwa. Kama mwezi uliopita uniti 10 zilisaga madebe kadha, na mwezi huu zasaga machache kwa nafaka iliyo kavu vilevile, pana kitu kilichochakaa: huenda ni mkanda uliolegea, huenda ni nyundo za mashine zilizokwisha makali, huenda ni beringi. Mota iliyo bora sana haiwezi kufidia mkanda uliolegea.

Ni dhahiri basi kwamba hapana mota iliyo bora kwa watu wote. Mota iliyo bora ni ile ambayo bei yake ya dukani, ikijumlishwa na bei ya umeme itakaoula katika maisha yake, na riba ya fedha iliyoinunua, ni ndogo kuliko ya zote zinazoweza kufanya kazi ileile. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa. Yahitaji kalamu, karatasi, namba zilizo juu ya kibati, na watu walio tayari kuhesabu bei zote mbili kabla ya kununua.